Siku moja wodini: mgonjwa halali, mwingine hataki kitu

Saa 1:30 asubuhi, kukabidhiana zamu. Nesi wa usiku kachoka: "Yule mama wa uvimbe wa ubongo hajafumba jicho. Kaimba, kapanga vyombo vya wenzake, kasema yuko fiti kuliko sote." Nafungua faili. Dozi ya pili ya deksamethasone kapewa saa 4 usiku. Hapo sishangai tena. Dawa hii hupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, kichwa kikapungua kuuma, lakini pia hunyima usingizi, huchangamsha mtu kupita kiasi, na wengine huanza kuona visivyokuwepo. Namtoboa kidole kupima sukari, maana nayo hupanda.

Saa 3, raundi. Daktari anakubali dozi ya pili isogezwe hadi saa 8 mchana.

Saa 5 kijana wa mgonjwa mwingine ananivuta pembeni. "Sista, mzee kakata tamaa. Hata habari za Yanga hataki." Uvimbe wa mzee uko sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ikiguswa mtu anaweza kukosa msukumo hata kama hana huzuni. Nakaa naye na yale maswali tisa ya sonona, PHQ-9, kila moja lina alama 0 hadi 3. Kwa wagonjwa wetu jumla yake siiamini haraka: usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini ni vitu ambavyo uvimbe wenyewe au mionzi huviharibu. Naenda taratibu.

"Shikamoo mzee. Una huzuni?"

"Marahaba. Sina huzuni, mwanangu. Ukileta chai nakunywa. Usipoleta, sawa."

Swali la tisa, la kutamani kufa, siliruki kwa mgonjwa yeyote. Anatikisa kichwa.

Daktari aliye mafunzoni anauliza kama si inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuchachamaa, ndiyo inayomfanya mzee awe hivi. Inaweza kuchangia. Uvimbe kama glioblastoma, saratani kali ya ubongo, hutoa kemikali, mojawapo interleukini-6, na kemikali za aina hiyo zikizidi, ubongo humfanya mtu awe kama mwenye malaria: alale tu, chakula hataki, maongezi hataki. Anataka tupime CRP, kipimo cha damu cha inflamesheni. Namwambia kipimo hicho hupanda hata kwa UTI au kidonda cha upasuaji kilichoingia vijidudu. Hakitatuambia kama mzee ana sonona. (Tupime kwa sababu nyingine, sawa.)

Saa 8 mchana, dawa, halafu ruhusa. Mke wa mgonjwa mmoja ananong'ona kwamba mumewe amekuwa mkali, anawafokea watoto, na ukweni wanasema karogwa. Naangalia vidonge: levetirasetamu, ya degedege. Ukali ni moja ya madhara yake yanayojulikana. Namwita daktari aje abadilishe, na mama namsisitiza asimwachishe mwenyewe, degedege itarudi. Vidonge vya deksamethasone navyo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa sababu mwili umeshazoea kutotengeneza homoni yake.

Saa 9:30 nakabidhi. Juu ya mzee sikuandika "kakata tamaa". Nimeandika: hana msukumo, amekana huzuni, swali la tisa sifuri, daktari wa afya ya akili amwone kesho. Kijana kauliza amletee nini baba yake. Nimemwambia alete redio, siku ya mechi aiwashe yeye, asisubiri mzee aombe.