Viganja na mbavu: kutunza wapiga makasia kambini Bukavu

Timu ikihamia Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, kwa kambi, saa za ziwani huongezeka ghafla, na viganja ndivyo vinavyolia kwanza. Lengelenge dogo lisilouma liache. Likijaa maji hadi mtu hawezi kushika kasia, nawa kwa sabuni, safisha sindano kwa alkoholi, toboa pembeni mara mbili, kamua polepole kwa kitambaa safi. Ngozi ya juu usiikate kamwe, hakuna bandeji inayoishinda. Paka vaselini, funika, zungushia plasta. Plasta ikomee kabla ya kiungo cha kidole. Ikipita juu yake hukunjika na kuchubua upya. Usaha, wekundu unaopanda mkononi au homa: daktari, siku hiyo hiyo.

Mkono ukivimba juu kidogo ya kifundo na kukwaruza ndani unapoukunja, mara nyingi mtu anabana kasia mno. Kivu ikichafuka, kila mtu hubana.

Kinachotia hofu zaidi ni ubavu. Bonyeza mbavu moja moja kwa kidole. Pakiuma mahali pamoja tu, na kukohoa au kujigeuza kitandani kunauma, mtoe kwenye boti leo, hata akilia. Ufa wa ubavu hutaka wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, bila kasia. Eksirei ya mwanzo yaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo amini kidole chako.

Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya bahari: kofia, na maji ya kunywa kwenye kila boti.