Fremu iliyorudi kwa mwenyewe

Siku mbili nzima tulikuwa tukibadilisha kebo. Seva ya faili ilikuwa haipokei sehemu ya ujumbe, nami, fundi mgeni, nilishikilia kwamba kuna waya umekatika. Mtandao ulikuwa Token Ring ya megabiti 16 kwa sekunde, aina ambayo kompyuta, yaani vituo, hupokezana ujumbe kwa mduara kama pete. Mimi nilizoea mtandao wa aina nyingine, Etheneti, ambako kadi ya mtandao ikishatuma fremu, yaani kifurushi cha data, haiioni tena.

“Waya ukikatika, pete yote hupiga kelele,” mzee niliyefanya naye kazi aliniambia. “Hapa analalamika mmoja tu. Hebu njoo tuwaangalie wanaomtumia.”

Akawasha kichanganuzi, chombo cha kuonyesha fremu zinazopita mtandaoni. Kwenye pete, fremu hupita kituo kwa kituo hadi imrudie aliyeituma, na ni yeye anayeiondoa. Mkiani ina baiti ya hali, yenye biti A na C, ambazo mtumaji huziacha zote sifuri. Kituo kikitambua anwani yake hugeuza A kuwa 1 fremu ikiwa inapita. Kikiweza kuinakili, hugeuza na C. Kila biti imewekwa mara mbili, maana hubadilika njiani na hivyo haziingii katika hesabu ya kukagua makosa. Hakuna barua ya pili ya kusema “nimepata.” Jibu linapanda chombo kilekile kilicholeta swali. Niliupenda ubunifu huo papo hapo, na bado naupenda.

Fremu zetu zilirudi A ikiwa 1, C ikiwa 0.

Nilizitazama kwa muda mrefu. Sifuri mbili zingemaanisha seva haimo kwenye pete. Kumbe seva ilikuwa hai, ilikuwa ikiitambua anwani yake kila mara, ila haikuwa na pa kuweka kilicholetwa. Bafa za kadi yake, yaani kumbukumbu za muda za kupokelea fremu, zilikuwa zimejaa. Tuliziongeza kwenye mipangilio, tukaiwasha upya, na C zikaanza kurudi zikiwa 1, moja baada ya nyingine.

“Kwa hiyo mzee, C ikiwa 1, programu imeshasoma?”

“Hapana, mwanangu. Kadi imenakili, basi. Programu kusoma ni habari nyingine. Na pakiwa na daraja, kifaa cha kuunganisha pete mbili, daraja lenyewe laweza kuziwasha biti hizo, na mlengwa wa upande wa pili hajaiona fremu kabisa.”