Vumbi Jeupe Chini ya Geti la Mtoto

Leo ni Jumamosi, na kazi iliyonikaa moyoni kwa muda wa mwezi mzima imekwisha: geti la mtoto limesimama imara juu ya ngazi, na ukuta wa Bibi umepona. Naandika usiku huu, mtoto akiwa amelala na paka amejikunja ndani ya daka la ukumbini, kwa sababu nilipotafuta maelezo niliyapata mengi kuhusu kumlinda mtoto na machache mno kuhusu kuulinda ukuta, na hayo machache hayakuzungumzia ukuta wa aina yetu.

Tunaishi Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofani, katika nyumba iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zake ni nene kupita dhiraa moja, na mgeni akizitazama hudhani kwamba hakuna kinachoweza kuzidhuru. Jiwe lenyewe ni kweli limestahimili mengi. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama mbele ya bahari kwa mawe na chokaa ya namna hiyo hiyo. Lakini kinachoguswa na geti si jiwe, bali ni plasta ya chokaa iliyolifunika, na plasta hiyo ni laini kiasi kwamba ukucha ukipita huacha mstari. Uzuri wake ni kwamba huvuta unyevu na kuuachia utoke, jambo ambalo katika mji wenye joto la bahari kama Mombasa lina thamani kuliko ugumu.

Mwanangu alipotimiza miezi tisa na kuanza kutambaa kwa kasi, wifi yangu anayeishi Uingereza alituletea geti la chuma la aina ya kubana. Geti hilo halihitaji tundu hata moja: lina parafujo nne ndefu zenye vikombe vidogo vya raba, mbili juu na mbili chini, na nati zake zikikazwa vikombe husukuma kuta za pande mbili mpaka geti likashika. Nilifurahi sana, kwa kuwa kutoboa ukuta uliopakwa chokaa na Bibi mwenyewe kila mwaka kabla ya Ramadhani kulinitia uzito. Niliamini kwamba mahali pasipo na tundu hapana madhara.

Imani hiyo haikuwa sahihi, na sababu yake nimeielewa kwa kuchelewa. Geti la kubana halina kinachoshikilia isipokuwa msukumo. Kadiri unavyotaka lisitikisike ndivyo unavyolazimika kulisukumiza zaidi ukutani. Kikombe chenye upana wa sentimita 4 kina eneo la takriban sentimita 12.5 za mraba tu, na nguvu yote ya parafujo hutua hapo. Juu ya saruji ngumu hilo huacha alama kwenye rangi. Juu ya chokaa, plasta huanza kusagika taratibu nyuma ya raba, mahali ambapo jicho halifiki, na kila inaposagika geti hulegea kidogo, nawe unakaza nati tena ukidhani unatengeneza.

Wiki ya tatu niliona vumbi jeupe sakafuni, chini ya geti. Nilidhani ni paka, kwa sababu yeye huruka na kutua juu ya geti kabla ya kushukia upande wa pili, na pia ana tabia ya kunoa kucha popote. Nikafagia. Kesho yake vumbi likarudi. Bibi ndiye aliyeinama, akapitisha kidole nyuma ya kikombe cha raba, akanionyesha unga.

“Mwanangu, ukuta huu haukubali kubanwa,” aliniambia.

“Bibi, nimeweka raba ili usiumie.”

“Raba ni ndogo. Na mtoto atakapousimamia huo mlango, je?”

Jioni ile ile mtoto alijivuta kwa nondo za geti ili asimame, na pembe ya juu ikateleza kama upana wa vidole viwili. Nilikuwa karibu, nikamdaka, Alhamdulillahi. Maelezo yaliyokuja na geti yalisema wazi kwamba aina ya kubana isiwekwe juu ya ngazi, kwa sababu inaweza kung’oka ikisukumwa na pia kwa sababu ina chuma kinachopita sakafuni ambacho mtu mzima aliyembeba mtoto anaweza kujikwaa nacho. Nilikuwa nimeyasoma. Niliuhurumia ukuta, na kwa kuuhurumia vibaya nikauharibu, na mtoto nikamweka hatarini pamoja nao. Jambo hili limeniuma, na ndiyo maana naliandika kwa urefu.

Geti la kubana sikulitupa. Tulilihamishia kwenye mlango wa jikoni, ambako lina kazi ya kumzuia mtoto asifikie jiko, na kumzuia asichezee sinia ya mchanga wa paka. Huko halisukumi ukuta kabisa, bali linasukuma miimo ya mlango, ambayo ni mbao nzito ya zamani. Hata hivyo nimeweka kati ya raba na mbao vipande vya plaiwudi vya sentimita 10 kwa 15, vilivyobandikwa kitambaa kizito cha sufu upande wa nyuma. Kipande kimoja kina sentimita 150 za mraba, yaani mara 12 ya eneo la kikombe, kwa hiyo mgandamizo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Sufu ina faida nyingine: raba ikikaa muda mrefu juu ya rangi, hasa rangi ambayo haijakomaa, hugandana nayo na kuacha doa au kuibandua, na joto letu huharakisha hilo. Shoga yangu anayepanga fleti Tudor, yenye kuta za matofali ya saruji, alipatwa na madoa ya namna hiyo na mwenye nyumba akamkata sehemu ya amana yake. Kwa nyumba kama hiyo ningeshauri kipande cha mbao chenye kitambaa, na subira ya kama mwezi mmoja baada ya kupaka rangi mpya.

Ngazi ilihitaji seremala. Mzee mmoja wa mtaani, aliyezoea milango ya nyumba hizi, alikuja na timazi akathibitisha nililolihisi, kwamba ukuta haukunyooka. Umejaa tumbo katikati kama kuta nyingi za zamani, na hiyo ni sababu nyingine ya vikombe vya raba kukaa upande. Alishauri tusilifunge geti ukutani moja kwa moja. Alichonga ubao wa mvule wenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 12, akaukwangua mgongo ufuate tumbo la ukuta, na ubao huo peke yake ndio uliofungwa kwenye jiwe, kwa parafujo tatu. Bawaba za geti, ambazo hubeba uzito na kuvutwa mara mia kwa siku, zimeshika mbao. Geti likibadilishwa kesho, au bawaba zikisogezwa, ukuta hautaguswa tena. Upande wa pili kuna nguzo ya ngazi ya mbao, na komeo limefungwa hapo.

Matundu yale matatu yalimchukua karibu asubuhi nzima. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole akisikiliza mahali penye mlio mzito wa jiwe na kuepuka mlio wa uwazi wa plasta iliyojitenga. Alibandika utepe wa karatasi ili plasta isimeguke, akatumia mashine ya kutobolea bila kuiwasha ile kazi yake ya kugonga, kwa sababu mtikisiko huo huvunja matumbawe kwa ndani, akaanza na kekee nyembamba na kupanua polepole. Plagi za plastiki alizotia ni ndefu, kwa kuwa jiwe laini linahitaji mshiko mrefu, na parafujo ni za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida hapa huanza kuliwa na kutu kwa chumvi ya hewani, na kutu ikivimba hupasua plasta na kuchuruzisha doa la hudhurungi lisilotoka. Geti linafunguka kuelekea ukumbini, kamwe si juu ya vidato.

Yalibaki makovu mawili ya duara, yale ya vikombe vya upande wa ukuta. Fundi aliyekuwa na kazi nyumba ya jirani alijitolea kuyaziba kwa saruji kwa dakika tano, nami nikamshukuru na kukataa. Saruji ni ngumu kuliko chokaa inayoizunguka na haipitishi unyevu vizuri. Maji hukwama pembeni yake, na baada ya misimu michache kiraka huondoka na kipande cha ukuta. Bibi alikuwa na chokaa iliyozimwa, iliyohifadhiwa chini ya maji ndani ya ndoo yenye kifuniko. Tulibrashi unga wote uliolegea, tukalowesha mahali hapo, tukatia chokaa iliyochanganywa na mchanga mwembamba, kisha tukaacha siku kadhaa kabla ya tabaka la pili. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, nimemfunga kwa leso, ili mikono yake isifike, maana chokaa ambayo haijakauka huunguza ngozi na macho.

Sasa viraka viwili vinaonekana vyeupe kuliko ukuta, na nikivigusa bado ni baridi. Bibi amesema tusivipake kitu mpaka ubaridi huo uondoke.