Meza za mwembe kupasuka zikifika Nairobi: jinsi nilivyotatua

Meza ninazouza Mombasa ili kununua tanga la ngalawa ya mashindano zilirudishwa kutoka Nairobi zikiwa na nyufa. Gundi haikuwa na kosa. Mbao iliyozoea unyevunyevu wa pwani hukauka ikifika bara na kusinyaa kwa upana, ilhali urefu haubadiliki sana. Skrubu zilizoubana uso wa meza kwenye fremu ziliuzuia kusogea, ukapasuka.

Dawa ni kurefusha matundu ya fremu: milimita 5 kwa 12, yakielekea upana wa mbao. La katikati tu libaki duara. Tia washa (kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu), kisha kaza kiasi tu skrubu ya milimita 4. Iwe ya chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya bahari haina huruma. Vanishi paka juu na chini, la sivyo ubao utapinda.