Kauri juu, chuma chini: nilivyolipia nyaya zangu za meno

Nilikuwa na miaka 34 nilipoamua kunyoosha meno. Kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kuzungumza, na jino langu moja la juu lilikuwa limempanda mwenzake tangu utotoni. Vyuma vyenyewe sikuviogopa. Niliogopa maswali.

Daktari wa kwanza alinieleza kuna nyaya za kauri zenye rangi ya jino. Kuna zinazobandikwa nyuma ya meno, upande wa ulimi. Hizo si rahisi mtu kuzigundua, ila kila kipande hutengenezwa kwa umbo la jino la mgonjwa huyohuyo na kuzifunga kunachukua muda mrefu, kwa hiyo bei yake iko juu kuliko zote. Halafu vipo vifuniko vya plastiki angavu, kama Invisalign, vinavyotakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Najijua. Ningekivua wakati wa kula, nikikunje kwenye tishu, nikitupe na mabaki.

Makadirio nilipoyaona nilikunja karatasi nikaaga. Bima yangu ilikuwa inalipia walio chini ya miaka 18 tu.

Nikavutiwa na vifuniko vya kuagiza kwa posta, unajichukulia umbo la meno mwenyewe nyumbani. Nilikuwa karibu kulipa rafiki aliponiuliza, "Na eksirei atakupiga nani?" Nikaahirisha. Desemba 2023 SmileDirectClub ya Marekani, iliyokuwa kubwa katika biashara hiyo, ikafunga, na waliokuwa katikati ya matibabu wakabaki wakihangaika.

Kliniki ya pili ilinipa bei iliyopungua karibu theluthi. Nilifurahi mpaka nilipouliza kilichomo. Eksirei haimo. Kuziba matundu kabla ya kuanza, haimo. Kipande kikibanduka, nalipa. Hata kile kifaa cha kuvaa usiku baada ya nyaya kufunguliwa, ambacho bila hicho meno hurudi yalikotoka, nacho hakimo. Nilipojumlisha, nilikuwa nimeipita bei ya kwanza. Kuanzia siku hiyo swali langu kila mahali likawa: bei hii inaishia wapi?

Mwishowe nilikwenda kwenye kliniki ya chuo, kwa madaktari wanaosomea ubingwa wakisimamiwa na walimu wao. Bei nafuu kweli, lakini unalipa kwa subira: foleni ya miezi 5, na kila miadi inakula asubuhi nzima kwa sababu mwalimu lazima aje akague. Daktari kijana aliniangalia nikizungumza, akasema, "Dada, mdomo wako unayafunika ya chini. Weka kauri juu, chini chuma." Kauri ni ngumu, akaongeza, ikiwa chini inaweza kuyasaga meno ya juu yanapoiuma. Shauri moja, sababu mbili, na bei ikashuka tena.

Ile foleni ndiyo iliyoniokoa. Kila mwezi nilitenga kiasi kilekile ambacho ningekuja kulipa kwa awamu, kama vile matibabu yameshaanza. Mwezi wa 3 nikashindwa. Basi nilipoitwa nilikuwa na kianzio mkononi na nilijua kiwango ninachokimudu, kidogo kuliko nilichokuwa nimejidanganya. Niliomba awamu ndogo kwa miezi 24, bila riba, wakakubali. Mkopo sikugusa.

Kauri ina kero zake. Vile vimpira vinavyoshika waya viligeuka rangi ya chai, na mimi chai siachi, kwa hiyo nilikuwa nahesabu siku hadi miadi ya kubadilishiwa vimpira.

Kazini, mwaka mzima, hakuna aliyeuliza kitu. Ni mtoto wa dada yangu tu, siku nilipocheka kichwa kikiwa nyuma: "Mama mdogo, mbona pesa ziliishia chini?"