Mungu nimeshamwambia

Nimefua, nimepiga pasi, nimejibu meseji zote za kwaya, na bado maneno ya Jumapili yananizunguka kichwani.

Mnamkumbuka dada wa stoo, yule aliyesimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akasema vibarua wanasainishwa hela wasizozipokea. Tangu hapo amesimamishwa kazi. Jumapili baada ya ibada mzee wetu wa kanisa alimshika mkono pale mlangoni.

"Binti yangu, tunakuombea sana."

"Asante, baba. Kikao cha nidhamu ni Alhamisi saa tatu. Ningefurahi wawili watatu mje, hata mkae nje tu."

"Hayo ni mambo ya kazini, mwanangu. Tumwachie Mungu."

"Mungu nimeshamwambia, baba. Nilikuwa nawaambia ninyi."

Hakupandisha sauti. Alisema huku ameinama anamfunga mtoto kamba za viatu. Mzee akatabasamu, akamgeukia mtu mwingine. Nilikuwa nyuma yao na vitabu vya nyimbo mkononi, nikamwambia nitakuja.

Wiki hii mdogo wangu kajifungua salama, mtoto wa kike, na ofisini tumehamia jengo jipya, lakini ninacholala nacho na kuamka nacho ni jibu lile. Simchukii mzee. Anaomba kwelikweli, nimemsikia alfajiri. Kinachoniuma ni maombi kugeuzwa mlango wa kutokea.

Jumatano usiku nikafungua Yeremia 38. Nabii katupwa shimoni kwa kusema yasiyopendwa, anazama matopeni. Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, anamfuata Sedekia langoni na kumwambia waliofanya hivyo wametenda uovu. Anapewa watu 30 wa kumsaidia. Ila kabla ya kufika shimoni anapitia chini ya hazina, anachukua matambara na nguo kuukuu, anamshushia Yeremia kwa kamba: ziweke kwapani, kamba isikuchubue. Alifikiria hadi kwapa za mwenzake! Sijawahi kusikia mahubiri juu ya matambara yale, na kwangu ndiyo ibada yenyewe.

Nikawaza Montgomery pia, kule Marekani, watu weusi walipogoma kupanda mabasi yaliyowabagua kwa siku 381 kuanzia Desemba 1955. Hotuba za Martin Luther King tunazijua. Georgia Gilmore hatajwi sana: mpishi aliyekusanya wanawake wakapika na kuuza chakula, fedha zikasaidia magari ya kubebea waliogoma, na aliyepoteza kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani. Bila chungu chake na wenzake, wangapi wangechoka na kurudi kwenye basi?

Alhamisi Mama Mkubwa akasema twende wote. Nilikwenda nikijua tutakuwa peke yetu kwenye ile korido. Kumbe vibarua wametutangulia! Wamekaa kwenye benchi na mashati yao yaliyopigwa pasi, na mmoja ameshika daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Akanifungulia. Tarehe, kazi aliyofanya, hela aliyopokea kweli, kalamu ya bluu hapa, nyeusi pale, nyekundu ilipokosekana nyingine. Alikuwa ameandika muda wote huo bila kujua kama kuna atakayemuuliza. Nilifurahi mpaka nikashindwa kukaa, nikawa natembea tu mle koridoni.

Dada alipoitwa, daftari liliingia naye. Alipotoka alisema uamuzi utatolewa baadaye. Tumekubaliana siku za kikao mtoto nitamchukua mimi shuleni, na mmoja wa kwaya atashughulikia fotokopi. Kisha akaomba maji, akanywa yote, akamgeukia Mama Mkubwa: "Shikamoo mama, goti linaendeleaje?"

Goti limevimba tena. Jana ameshindwa kushuka ngazi, na anashikilia kwamba ni baridi tu, hospitali hataki hata kuisikia. Kama kuna anayemjua daktari wa mifupa mwenye subira na wazee wabishi, naomba aniandikie leo.