Mashine ya presha, simtanki na papai bovu

Uwanja wetu umetandikwa pevingi, na upande wa chini ya mwembe haukauki. Kila masika unaota ule utando wa kijani. Masika yaliyopita mama mkwe aliteleza pale akatua kwa kiwiko. Nikasema basi, nikanunua mashine ya presha ya umeme, ile ya kuoshea kwa maji ya kasi, ndogo ya magurudumu mawili, presha yake bar 110.

Siku ya kwanza haikuosha kitu. Nilifunga mpira kwenye koki ya bustani, nikawasha, ikanguruma, maji yakawa yanatoka kwa kukohoa: pfu, kimya, pfu. Nikajua nimeuziwa kimeo. Nikamwita kijana anayeosha magari pale barabarani. Hakuigusa, aliisikiliza tu.

"Mama, imekula hewa hiyo. Izime. Fungulia maji, minya bunduki, huo mkono wa kurushia maji, mpaka yatoke mfululizo, ndiyo uwashe."

Nikafanya hivyo. Ikachapa kazi dakika tatu, kikohozi kikarudi.

Hapo ndipo nilipochukua ndoo na simu yenye saa. Kibao cha mashine kinasema inakunywa lita 6 kwa dakika, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ilitakiwa ijae kwa dakika 3 na ushee. Koki yangu iliijaza kwa 5 na nusu! Maji yetu ni ya mgao, tunategemea simtanki lililo juu ya stendi fupi, na mpaka yafike bustanini yameshapita kona kibao za bomba la nusu inchi. Fundi bomba akatoboa toleo jingine karibu na kitako cha simtanki, akafunga mpira mfupi wa robo tatu. Ndoo ikajaa kwa dakika 2, na mashine haijakohoa tena. Ila chini ya simtanki ndiko tope linakolala, kwa hiyo kichujio cha pale maji yanapoingilia kwenye mashine nakisafisha kila nikiitumia.

Umeme ulinitia hofu kuliko yote. Fundi alihakikisha kwanza kwamba ile breka ya kukata umeme unaovuja inakata kweli. Ekstensheni nikaifungua yote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ikibaki imejiviringisha inachemka, na kiungio nikakipandisha kwenye kiti, mbali na maji.

Nozeli, vile vichwa vya kuchomeka kwenye mdomo wa bunduki, zilikuja na rangi. Nyekundu hutoa maji kama sindano, kijani hutawanya kwa pembe ya nyuzi 25, nyeupe 40. Mimi kwa tamaa nikaanza na nyekundu, ikabandua rangi ya geti ukanda mzima kama anayemenya muhogo. Pevingi zenyewe zilitaka kijani tu, mdomo ukiwa kama shubiri moja na nusu kutoka chini, ukienda taratibu.

Katikati ya kazi mtoto wa kaka yangu akaja na kandambili zake, miguu imejaa tope. "Shangazi, nioshe." Nilizima mashine palepale. Kisha nikaegemeza papai bovu ukutani, nikamsimamisha mbali nyuma yangu, nikawasha na kufyatua mara moja kwa nyekundu. Maji yaliingia mbele yakatokea nyuma, mbegu zikaruka hadi dirishani. Mtoto hakuniomba tena. Mguuni ni vilevile: tundu linaweza kuonekana kama la pini huku ndani nyama imeharibika, na hilo ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, si la kubandika plasta. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa gambuti na miwani, na wakati wa kufunga kazi nilizima, nikafunga maji, kisha nikaminya bunduki mpaka presha yote iliyobaki ikaisha.

Kesho yake nikagundua maji yamekomba mchanga wote wa kwenye maungio, pevingi zinacheza kama meno ya mtoto. Ndoo nne za mchanga mkavu, ufagio, na mgongo wangu.